Kamera Haina Macho

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya kupiga picha. Tumeyachapa hapa kwa kuwa twaamini yatawafaa wasomaji wengi, wa mashambani na wa mijini.



Wazee wetu walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mithali hii ni ya kweli katika mambo mengi, lakini katika kazi ya kupiga picha naona kwamba yatupasa kuambiwa, tena kuambiwa mara nyingi. Kuwa na macho ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine.

Mara kwa mara vijana huniuliza, "Bwana, ninunue kamera ya namna gani?" Hapana hata mmoja aliyepata kuniuliza, "Nitazame nini?" Nami huwajibu kwa mithali nyingine: mchagua jembe si mkulima. Siku hizi watu wengi wana kamera ndani ya simu zao, na kamera hizo hujipimia mwangaza zenyewe wala hazihitaji filamu. Kama chombo kizuri ndicho kifanyacho picha nzuri, nchi nzima ingalikuwa imejaa picha nzuri. Lakini sivyo. Picha ni nyingi kama mchanga wa pwani, na zile zitufanyazo tusimame na kutazama tena ni chache.

Niwaeleze kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi, rafiki yangu aliniazima kamera, nikaenda nayo nyumbani wakati wa likizo. Nilipiga picha za vijana wenzangu, na za gari la jirani, na za ng'ombe, hata filamu ikabaki na nafasi ya picha moja tu. Ndipo nikakumbuka kwamba nyanya yangu sijampiga picha. Nilimkuta ameketi mlangoni pa nyumba yake akisuka kiondo, miguu ameinyosha mbele, na jua la jioni linamwangukia mikononi. Nikamwambia, "Nyanya, acha kazi hiyo kwanza, simama hapa ukutani nikupige picha." Akaniitikia kwa upole, akaweka kiondo chini, akajifunga leso safi, akasimama wima na mikono ameishusha, kama mtu anayeandikishwa kipande. Nikabonyeza.

Mwaka uliofuata nyanya alifariki. Picha ile ndiyo ya pekee tuliyo nayo. Uso wake umo, lakini yeye mwenyewe hayumo. Watoto waliozaliwa baadaye huitazama na kuuliza, "Mbona bibi huyu anaogopa?" Naye hakuwa mtu wa kuogopa hata kidogo, hofu ile niliitia mimi. Mikono ambayo kijiji kizima kiliijua kwa kazi yake imening'inia kama si yake. Na kiondo, ambacho kingaliwaeleza watoto hao yeye alikuwa nani, kimebaki chini, nje ya picha. Kamera ilikuwa nzima, filamu ilikuwa nzima, na mwangaza ulikuwa wa kutosha. Kilichokosekana ni jicho.

Sasa nataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Bamako, mji mkuu wa Mali, mkamwone mtu ambaye naye mara nyingi alikuwa na nafasi ya picha moja tu, lakini hakuipoteza. Jina lake lilikuwa Seydou Keïta. Alizaliwa katika mji huo mnamo mwaka wa 1921. Hakupata masomo ya shule, na kazi aliyojifunza kwanza ilikuwa useremala. Mwaka wa 1935 mzee mmoja wa ukoo wake alirudi kutoka safari ya Senegal akamletea kamera ndogo ya Kodak Brownie, na hapo ndipo habari yake ilipoanza.

Mwaka wa 1948 Keïta alifungua studio katika uwanja wa nyumba ya jamaa zake. Msidhani ya kuwa palikuwa na vyombo vya ajabu. Alitumia kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, yenye filamu za sentimita 13 kwa 18. Mwangaza wake mara nyingi ulikuwa jua tu, pale pale uwanjani. Pazia lake la kwanza, alilolitundika nyuma ya wateja, lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Kila baada ya miaka michache alilibadili, na baadaye aliweza kutambua wakati wa picha kwa kutazama pazia lake. Na kwa kuwa filamu zilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu, basi.

Je, aliwezaje? Kwanza alimtazama mtu. Aligeuza mabega yake kidogo, akaiweka mikono yake mahali pake, akachungua jinsi nguo zake zitakavyopatana na maua ya pazia. Aliweka saa, redio na suti ili mteja atakaye apate kuvitumia, kwa maana alijua ya kuwa mtu ajaye studio hataki kuonyeshwa jinsi alivyo tu, bali pia jinsi anavyojiheshimu. Picha yake moja ijulikanayo sana ni ya kijana aliyevaa suti nyeupe, na tai, na miwani, ameshika ua moja kwa vidole vyake. Hakuna jambo jingine ndani yake. Hata hivyo ukiitazama utajua ya kuwa kijana yule alijiona kuwa mtu wa maana, na ya kuwa mpiga picha alikubaliana naye.

Mapema katika miaka ya 1960 Keïta alichukuliwa kuwa mpiga picha wa serikali ya Mali, na studio yake ikafungwa. Miaka ikapita. Mwaka wa 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa katika mji wa New York bila jina lake, kwa kuwa waliozionyesha hawakumjua aliyezipiga. Lakini zilikuwa na namna yake ya pekee, hata watu wakauliza ni kazi ya nani, na mwishowe akatafutwa akapatikana Bamako. Mwaka wa 1994 kazi yake ilionyeshwa Paris kwa jina lake. Alifariki mwaka wa 2001. Fikirini jambo hili: jina lilikuwa limepotea, lakini jicho lake ndilo lililokuwa sahihi yake.

Pengine mmoja wenu atasema, "Basi na mimi nitatundika shuka ukutani nifanye kama Keïta." La, hasha. Katika mji ule ule alikuwako mpiga picha mwingine, Malick Sidibé, aliyekuwa mdogo kwake kwa umri. Yeye naye alikuwa na studio, lakini usiku alitoka akawafuata vijana kwenye dansi zao. Picha yake moja ya mwaka wa 1963 yaonyesha kijana na msichana wakicheza, vichwa wameviinamisha hata vinakaribia kugusana, na msichana hana viatu. Keïta alipenda utulivu. Sidibé alipenda mwendo na furaha. Mwaka wa 2007 Sidibé alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice, Italia, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo kwa kazi ya maisha yake. Mji ulikuwa mmoja, watu walikuwa wamoja, lakini kila mmoja wao aliona lile lililokuwa lake kuona.

Basi, ndugu zangu, jicho hufundishwaje? Nawapeni mambo matatu.

La kwanza, tazameni kabla ya kubonyeza. Kazi yangu ya kila siku ni kufasiri maandishi, nami najua ya kuwa mfasiri aanzaye kuandika kabla hajaisoma sentensi mpaka mwisho huharibu maana. Kwa muda wa mwezi mmoja, pigeni picha moja tu kila siku, kama kwamba hakuna nyingine.

La pili, jifunzeni mwangaza. Chagueni mti mmoja, au mlango mmoja, mkautazame asubuhi, adhuhuri na jioni. Mtaona ya kuwa jua la adhuhuri hutia kivuli machoni pa watu, na jua la jioni huonyesha hata nyuzi za kikapu.

La tatu, jiulizeni ni nini kipendezacho macho yenu wenyewe. Tazameni picha za wenzenu, lakini msizichukue kama nguo ya kuazima. Mwingine hupenda mikono ya watu, mwingine hupenda barabara baada ya mvua. Lishikeni jambo hilo moja mwaka mzima, nalo litawafundisha.

Tena msisahau kumwomba mtu ruhusa, kwa maana sura yake ni mali yake.

Nimalizie kwa neno moja. Jioni ya leo kuna wazee wengi walioketi milangoni pa nyumba zao, kila mmoja na kazi yake mkononi. Nendeni mkawasalimu, mkae nao kidogo, ndipo mtoe kamera zenu. Na tafadhali, msiwaambie waweke kazi chini wasimame ukutani.