Uso Chini ya Majani

Mwaka 1887, akiwa Paris, Vincent van Gogh alichora kipande cha majani mabichi. Chini ya majani hayo kulikuwa na kichwa cha mwanamke. Mchoraji alikuwa fukara, na mara nyingi alitumia tena turubai aliyokwisha kuichora.

Eksirei ya kawaida ilionyesha kivuli tu cha kichwa hicho. Mwaka 2008, watafiti Joris Dik na Koen Janssens walitangaza matokeo ya mbinu nyingine. Huko Hamburg, Ujerumani, mwali mwembamba na mkali wa eksirei ulipitishwa juu ya mchoro, nukta kwa nukta, kwa siku mbili. Kila elementi ikipigwa na mwali huo hutoa mionzi yake yenyewe. Zebaki ikaonyesha rangi nyekundu ya midomo na mashavu. Antimoni ikaonyesha manjano ya sehemu za uso zenye mwanga. Sura ikaonekana, inayofanana na za wakulima wa Nuenen, Uholanzi, aliowachora Van Gogh miaka michache kabla.

Linalonigusa zaidi ni kwamba uso huo ulionekana bila mtu kuyakwangua majani. Kumfikia mwanamke huyu kwa kisu kungeangamiza majani, na kazi zote mbili ni za mkono uleule. Hakuna mwenye haki ya kuchagua mojawapo.

Siku hizi mashine zenyewe ndizo zinazoufuata mchoro mahali ulipo. Mwaka 2019, jumba la Rijksmuseum mjini Amsterdam lilianza kuchunguza hivyo mchoro mashuhuri wa Rembrandt wa walinzi wa usiku, nyuma ya kioo, wageni wakitazama.