Tusimhukumu Mama Peke Yake: Unga, Homoni na Uzazi wa Mwanaume

(Haya ni maneno yaliyotolewa na wahudumu wetu wa afya mbele ya kamati za parokia na wafadhili. Tunayachapisha ili na wale ambao hawakuweza kufika wafaidike.)



Mada tuliyopewa leo ni nzito kuizungumza mbele ya watu, kwa sababu inagusa mambo ya chumbani. Lakini tumeona ndoa zikivunjika kwa ajili ya kunyamaza, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmekutana nalo katika kazi ya kamati. Ndoa ina miaka minne, mtoto hakuna. Mama mkwe anaanza maneno. Mke anapelekwa kwa mganga, kisha zahanati, kisha hospitali. Anapimwa damu, anapigwa picha, anakunywa mizizi. Vikao vya ukoo vinakaa kumjadili yeye. Mume, ambaye kila siku anavuta unga, hakuna aliyemwambia naye akapimwe. Mwisho wake mke anarudishwa kwao na vyombo vyake, na mume anatafutiwa mwingine. Huyo wa pili naye hapati mimba. Hapo ndipo watu huanza kunong'ona.

Heroini, ambayo vijana wetu huiita unga, imekuwapo katika miji yetu ya pwani tangu miaka ya 1980. Madhara yake mengi mnayajua: wizi wa nyumbani, arosto, kuchangia sindano, virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Lipo dhara jingine ambalo halitajwi sana. Unga ukitumika kwa muda mrefu huzima homoni za uzazi.

Tueleze jinsi linavyotokea. Chukueni mfano wa parokia. Ofisi inaandika barua, mwenyekiti anaipokea na kuipeleka kwenye jumuiya, na jumuiya inafanya kazi iliyoagizwa. Barua isipoandikwa, jumuiya hukaa bila kazi, hata kama wanajumuiya wote ni wazima na wana nguvu. Mwili wa mwanaume nao ndivyo ulivyo. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa agizo kwa vipindi, usiku na mchana. Agizo hilo hupokelewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo nayo hutoa homoni mbili, ambazo kwenye karatasi za maabara huandikwa LH na FSH. Hizo husafiri katika damu mpaka kwenye korodani. LH huziamuru korodani kutengeneza testosteroni, yaani homoni ya kiume. FSH, ikisaidiana na testosteroni, husimamia utengenezaji wa mbegu.

Unga, morfini, kodeini, tramadoli na dawa zote za jamii ya afyuni huingia ubongoni na kulikandamiza lile agizo la kwanza. Mtu akitumia mara moja, mwili hujirekebisha. Lakini anayetumia kutwa mara tatu au nne, miezi na miaka, hauachii mwili nafasi ya kujirekebisha. LH hushuka, testosteroni hushuka, na mbegu hupungua. Mara nyingi korodani zenyewe hazijaharibika. Zinasubiri barua.

Dalili zake ni hizi. Hamu ya tendo la ndoa hupotea. Nguvu za kiume hupungua. Mwili huchoka, misuli husinyaa, moyo hujaa huzuni, na kadiri miaka inavyokwenda mifupa hudhoofika. Mbegu zikipimwa huweza kuonekana chache, au zisizokwenda mbio, au zenye kasoro ndani yake. Mara nyingi mke husema, "Mume wangu ana mwanamke nje." Kumbe mume hana mwanamke yeyote. Homoni ndizo zimezimika, naye anaona aibu kusema.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1975 huko Marekani, Theodore Cicero na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wanaume watumiaji wa heroini na wale waliokuwa katika tiba ya methadoni. Mwaka 2002 daktari mwingine wa huko, Harry Daniell, alichapisha matokeo ya wanaume 54 waliokuwa wakinywa dawa za afyuni za kutuliza maumivu. Wengi wao sana walikuwa na homoni chini ya kiwango. Nao walikuwa wagonjwa wanaotumia dawa za daktari, wala si vijana wa vijiweni. Mwili hauulizi dawa imetoka duka la dawa au imetoka kwenye kete.

Sasa tunafika mahali ambapo tunaomba msikilize kwa makini zaidi. Nchini Tanzania tiba ya methadoni ilianza mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Baadaye ikafika Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Kenya nayo ilianza mwaka 2014. Tiba hii imewarudisha watu wengi nyumbani na kazini. Lakini methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, na tusiwafiche, nayo huweza kushusha testosteroni, hasa kwa dozi kubwa. Ule uchunguzi wa mwaka 1975 ulilionyesha hilo.

Je, basi tumwambie kijana aache methadoni ili apate mtoto? Hapana. Tunasema hapana kwa nguvu zetu zote. Anayeikatisha ghafla mara nyingi hurudi kwenye unga, na kwa kuwa mwili wake haujauzoea tena, kipimo kile kile cha zamani huweza kumuua. Mtoto anahitaji baba aliye hai. Mwenye shida hii aende akamweleze daktari wa kliniki yake. Daktari anaweza kupima homoni, kuangalia upya dozi kwa utaratibu, au kufikiria dawa nyingine iitwayo buprenofini pale inapopatikana, ambayo kwa kawaida haikandamizi homoni kwa kiasi hicho. Wapo pia wanaume wengi wanaopata watoto wakiwa bado kwenye methadoni.

Habari njema ni kwamba hali hii kwa wengi hurudi. Mtu akiacha unga, homoni huanza kupanda katika wiki na miezi inayofuata. Mbegu huchelewa kidogo, kwa sababu kutengenezwa kwake huchukua siku 70 na zaidi. Ndiyo maana tunashauri kipimo cha mbegu kirudiwe baada ya miezi mitatu, wala mtu asikate tamaa kwa jibu la kwanza. Kipimo cha testosteroni kichukuliwe asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, na kirudiwe siku nyingine kabla ya kutoa hukumu.

Tunatoa tahadhari moja. Wapo wanaouza sindano na vidonge vya "kurudisha uanaume". Testosteroni inayoingizwa kutoka nje huweza kurudisha hamu, lakini ubongo ukiiona imejaa katika damu huacha kabisa kutoa lile agizo, na mbegu huzidi kupungua au kwisha. Anayetafuta mtoto asichomwe sindano hiyo bila kumweleza daktari kwamba anatafuta mtoto. Zipo dawa nyingine zinazofaa kwa mtu wa namna hiyo.

Tusisahau na dada zetu wanaotumia. Unga huvuruga hedhi zao, lakini hauwakingi na mimba. Wakianza tiba mzunguko hurudi, na mimba huweza kuja kabla hata hawajaiona hedhi ya kwanza. Washauriwe mapema. Aliye mjamzito naye asikatishe methadoni, bali awahi kliniki.

Ndugu wajumbe, tunaomba mambo matatu.

La kwanza, ndoa isiyo na mtoto ikiletwa mbele yenu, waelekezeni wote wawili wakapimwe kwa wakati mmoja. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mke. Na kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo vingi anavyopitishwa mwanamke. Kamati isikubali kusikiliza shauri la kumrudisha mke kwao kabla mume hajapimwa.

La pili, tuache kuwaita watu hawa mateja, hasa mbele ya wake zao na watoto wao. Mtu anayetukanwa hujificha, na aliyejificha hapimwi.

La tatu ni kwa wafadhili wetu, na tunalisema kwa shukrani. Methadoni yenyewe hutolewa bure, lakini mara nyingi mgonjwa hutakiwa kufika kliniki kila siku. Kijana asiye na kazi hushindwa kwa sababu ya nauli tu. Siku mbili hakwenda, ya tatu arosto, ya nne yuko kijiweni. Msaada wa nauli kwa miezi ya mwanzo, na wa gharama za vipimo vya uzazi kwa wanandoa wasio na uwezo, utaokoa mengi kuliko unavyoonekana kwenye hesabu.

Katika kazi yetu tumekaa na mama mmoja aliyerudishwa kwao baada ya miaka sita ya ndoa. Alituambia kwamba hakulilia ndoa sana kama alivyolilia kutoulizwa. "Mimi nilipimwa kila mahali," alisema. "Yeye hakupimwa hata siku moja."

Tunawaomba, katika parokia zenu, asitokee mama mwingine wa kusema maneno hayo.