Kumjibu Mtoto Aanzaye Kusema

Leo twapenda kusema nanyi juu ya usemi wa watoto wadogo. Mtoto huanza kwa neno moja, kisha huunga mawili: “Kikombe vunjika.” Wakubwa wakimcheka, huenda akaona haya, akanyamaza. Heri tumjibu kwa upole: “Naam, kikombe kimevunjika.” Hapo ameisikia ile “ki” aliyoiacha, wala hakuaibishwa.

Akisema, “Maji,” tusimpe kimya kimya, bali tumwambie: “Unataka maji? Haya, kunywa maji baridi.” Tumwongezee neno moja au mawili tu, asije akalemewa. Nasi tumngoje amalize maneno yake, hata akikawia. Haba na haba hujaza kibaba.