Tembe za Usingizi: Usizitupe Usiku wa Mwandamo

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, Machakos)



Masheikh wetu, wazazi wetu, vijana wenzangu. Niliombwa nizungumze juu ya madawa ya kulevya, na najua wengi mlitarajia bangi. Hayo yamesemwa sana. Leo nataka tuzungumze juu ya tembe ambazo zimo ndani ya nyumba zetu, kwenye mkoba wa mama, juu ya kabati la baba, na ambazo daktari aliziandika kwa nia njema. Ni tembe za usingizi na za kutuliza wasiwasi: Valium, ambayo jina lake la kitabibu ni diazepam, na jamaa zake. Nimelichagua jambo hili kwa sababu kila Ramadhan ikiandama kuna watu wanaofanya toba ya tembe. Usiku wa mwandamo wanazitupa chooni, wanasema Bismillahi, wanaanza mwezi. Nia ni nzuri sana, lakini jambo lenyewe linaweza kuua.

Tuangalie kwanza namna watu wanavyoingia. Mama amefiwa na mumewe, wiki ya tatu sasa halali. Anapewa tembe za wiki mbili. Zikiisha harudi hospitali, anamtuma mtoto duka la dawa. Mimi mwenyewe nimewahi kutumwa na jirani nikauziwa tembe kumi bila kuulizwa cheti, wala jina, wala umri. Hapa Kenya dawa hiyo kisheria huuzwa kwa cheti cha daktari, na tangu 1984 imo katika orodha za mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa za aina hii. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na mwenye duka anatafuta riziki. Basi miaka sita imepita, mama bado anameza, na siku hizi anameza mbili. Kijana naye ana njia yake: ametafuna muguka mpaka saa tisa usiku, macho hayafungi, anatafuta tembe ya kumshusha. Wale wanaokula bugizi mitaani ili walewe siwazungumzii leo. Nawazungumzia watu wa swala.

Ubongo wetu una kemikali ya kutuliza iitwayo GABA, tuseme ni breki. Tembe hizi huipa breki hiyo nguvu. Mwili ukizoea kusaidiwa kila usiku, unailegeza breki yake wenyewe. Sasa iondoe tembe ghafla: ni gari linaloteremka vilima vya Mua bila breki. Usingizi unakimbia kuliko ulivyokuwa kabla ya dawa, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mikono inatetemeka, sauti ndogo inakuwa kelele, ngozi kama inatambaliwa na wadudu. Aliyezitumia muda mrefu, hasa kwa dozi kubwa, anaweza kushikwa na kifafa, na wako waliokufa kwa hicho. Tena Valium hukaa mwilini muda mrefu. Mtu akiacha mwezi mosi huenda akaona siku mbili tatu ni shwari, akashukuru, kisha balaa likamjia baadaye akiwa na saumu yake, wala asifikirie kuwa ni zile tembe.

Na jamaa wanasemaje? Wanasema ana jini. Jamani, mimi sikatai kuwa majini wapo, ni katika imani yetu, na kisomo ni tiba. Lakini kabla ya kuita msomaji, uliza swali moja: kuna dawa aliyokuwa akimeza ambayo ameiacha? Ikiwa ipo, msomeeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Sasa wenzangu chuoni huniuliza: ikiwa ni hatari hivi, watafiti hawakujua? Tuwaamini vipi? Swali hili lina haki yake. Valium ilianza kuuzwa 1963 na kampuni ya Roche, na baada ya miaka michache ikawa katika dawa zilizoandikwa sana duniani. Mwaka 1980 kamati ya serikali ya Uingereza ilitaja makadirio kwamba tangu 1960 mpaka 1977 nchi nzima walikuwa watu 28 tu waliokuwa watumwa wa dawa za jamii hii. Ishirini na wanane! Miaka 8 baadaye, 1988, wakubwa wa dawa wa nchi hiyo hiyo wakawaambia madaktari wasiziandike zaidi ya wiki 2 hadi 4. Kuna na Halcion, tembe ya usingizi ya kampuni ya Upjohn. Uingereza iliipiga marufuku 1991, baada ya kujulikana kwamba katika utafiti mmoja uliofanywa kwa wafungwa wa Michigan, Marekani, madhara kadhaa hayakuandikwa kwenye ripoti. Kampuni ikasema ni makosa ya kunakili. Marekani yenyewe haikuipiga marufuku. Na ni 2020 tu ndipo Marekani ilipoamuru dawa zote za jamii hii ziwekewe onyo lake kubwa kabisa juu ya mazoea na mateso ya kuacha.

Sisi tuliosoma madrasa tunajua kuipima habari. Mwanachuoni wa hadithi hakusema wapokezi wote ni waongo, wala hakusema wote ni wakweli. Aliuliza: nani amesema, amepokea kwa nani, alikuwepo, kuna mtu aliyeachwa katika sanad? Basi ipime dawa vivyo hivyo. Utafiti ulichukua muda gani? Nani aliulipia? Walioumia wametajwa? Mpokezi aliyemwangalia mgonjwa wiki nne ni mkweli kwa wiki nne. Hawezi kumshuhudilia mama aliyemeza miaka sita.

Waliojua zaidi ni wale waliokaa na wagonjwa. Profesa Heather Ashton wa Newcastle, aliyefariki 2019, aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu tembe hizi tangu 1982 hadi 1994, wagonjwa wapatao 300, akawasikiliza wao wenyewe. Mwaka 1999 akatoa mwongozo wake. Njia yake ni kupunguza kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kila wiki moja au mbili, kwa mwendo anaouweza mgonjwa, hata ikichukua mwaka na zaidi. Sidhani Muislamu atashangaa. Pombe yenyewe, ambayo ni haramu, iliharamishwa kwa hatua, na watu wakapewa muda. Sisemi kuwa tembe ya daktari ni pombe, la. Nasema Mola wetu anajua viungo alivyoviumba.

Kwa hivyo asiyeanza, akiandikiwa, amuulize daktari: mpaka lini? Aliyekwisha kuzoea, asitupe kitu usiku wa leo. Aende na tembe zake mkononi, hapa Level 5 au kwa daktari wake, aseme ukweli ni ngapi na tangu lini, wapange pamoja. Mume, mke, watoto, msimcheke wala msimuite mlevi.

Kuhusu saumu, tembe inayomezwa usiku haimfunguzi mtu. Akiwa katika kupunguza na mwili ukamshinda, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Daktari aulizwe habari ya mwili na sheikh aulizwe hukumu, msiwabadilishie maswali. Jambo la mwisho ni daku. Aliyemeza saa sita baada ya tarawehe, saa kumi atakapoamshwa dawa bado imo kichwani. Wazee wetu huanguka wakivunjika nyonga saa hizo. Mshikeni mkono, na nyinyi vijana mliomeza, msipande pikipiki kwenda Alfajiri. Tembeeni kwa miguu.