Mbegu ya Jirani si Magendo

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya ya Novemba 2025, iliyobatilisha vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomtishia mkulima anayegawa mbegu zake kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1, inastahili kutetewa. Kuanzia vilima vya Kikima hadi nyanda kavu za Makueni na Kitui, mkulima huchagua mbaazi na kunde zilizostahimili ukame, huzihifadhi kwa majivu, kisha humgawia jirani. Kuchagua huko, msimu hadi msimu, ni ubunifu kamili, ingawa hauna hataza.

Wapo wanaosema kwamba bila hakimiliki hakuna atakayegharimia mbegu bora. Hoja hiyo ina uzito, na walaghai wanaopaka rangi mahindi ya kawaida na kuyauza kama mbegu washtakiwe. Lakini mahindi ya Katumani, yanayokomaa kabla mvua haijakatika, yalizalishwa na kituo cha utafiti cha umma karibu na Machakos, na wakulima wameyapanda tena kutoka kwa mavuno yao kwa miongo mingi. Mtafiti alindwe dhidi ya kampuni shindani, si dhidi ya kibaba cha kunde anachopewa jirani. Bunge na liandike ruhusa ya kugawana mbegu waziwazi katika sheria.