Wekundu wa Mawese

Leo, kutoka hapa Bujumbura, tunazungumza juu ya kitu ambacho wapishi wengi hukiondoa kwenye sufuria makusudi: wekundu wa mawese.

Wekundu ule si uchafu, wala si dalili kwamba mafuta ni mabichi. Ni karotini, rangi ileile ya karoti, na mawese yanayo nyingi kuliko karoti yenyewe. Mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo huanza kwa kutoona vizuri jioni: anajikwaa, anapapasa sahani yake wakati wenzake bado wanaona. Akiachwa hivyo anaweza kupofuka kabisa, na surua ikimpata humtesa zaidi.

Sasa, ile desturi yetu. Tunaweka mawese motoni, tunangoja moshi ujae nyumba na mafuta yawe meupe, ndipo tunasema yameiva. Sababu naijua, ni harufu. Lakini kilichoungua ni karotini. Umelipa pesa ya mafuta mekundu, watoto wakala meupe! Tumia moto mdogo, tia kitunguu kabla ya moshi kutoka. Au pika sombe yako kwanza, mawese yaingie mwishoni. Na chupa usiiache juani kama zile za kando ya barabara ya Rumonge, maana jua nalo hula rangi.

Na lengalenga je? Majani yake yana karotini pia, ila kijani kimeifunika. Karotini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Lengalenga ya maji na chumvi tupu humpa mtoto kidogo sana. Ongeza kijiko cha mafuta. Hata mafuta meupe yanafaa, na kama kopo limeandikwa vitamini A, basi ilitiwa kiwandani ingawa huioni. Ile lengalenga nyekundu isikudanganye: wekundu unaotoka na maji si karotini.

Mama, baba, kama mtoto wako tayari anajikwaa jioni, usingoje mawese yamponye. Mpeleke kituo cha afya leo. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa huko vitamini A ya kudondoshewa mdomoni, kila baada ya miezi 6. Uliza wako alipewa lini.