Mshale Husimamishwa na Kitu Laini

Unajifunza kulenga shabaha kwa upinde nyumbani? Basi sikiliza. Mshale husimamishwa na kitu laini kilichoshindiliwa, si kitu kigumu. Ubao unaweza kuuvunja. Jiwe au tairi huweza kuurudisha, tena kwako wewe uliyeurusha.

Chukua gunia liwe shabaha yako. Lijaze nguo kuukuu, zile ambazo hata mnadani hazipati mnunuzi. Kwanza ng'oa zipu na vifungo vyote. Shindilia kwa mguu mpaka kidole kisizame.

Nyuma yake ning'iniza zulia zito. Usilikaze, liache lining'inie. Likiyumba, hupunguza kasi ya mshale uliokosa shabaha.

Narudia: kitu laini, kilichoshindiliwa.

Nyuma ya yote pawe na tuta refu la udongo, kamwe si njia ya watu. Akitokea mtoto, au hata mbuzi, shusha upinde.